Gonbad-e Qabus

Gonbad-e Qabus (kwa Kifarsi: گنبد قابوس, pia huitwa Gonbad-e Kavus) ni mnara wa kaburi uliojengwa kwa matofali ya kuchoma katika mkoa wa Golestan, kaskazini-mashariki mwa Iran. Ulijengwa kwa amri ya Qabus ibn Wushmgir, amiri wa nasaba ya Waziyari, katika mwaka 397 wa Hijra, yaani 1006 au 1007 BK. Una kimo cha mita 53 na ni mmoja kati ya minara mirefu kabisa duniani iliyojengwa kwa matofali tu.

Mnara huo ulisimama kando ya Jorjan, mji mkubwa wa elimu na biashara ambao baadaye uliharibiwa kabisa. Leo hakuna jengo lingine la mji ule lililobaki limesimama. Ukuta wake hauna marumaru, vigae vya rangi wala picha. Uzuri wake wote unatokana na umbo lake na kazi ya matofali. Mwaka 2012 uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jina

Neno la Kifarsi gonbad lina maana ya kuba, na pia hutumiwa kwa jengo la kaburi lenye kuba au paa la mchongoko. Kwa hiyo Gonbad-e Qabus ni "Kuba la Qabus".

Qabus ni namna ya Kiarabu ya jina la Kiajemi Kavus. Jina hilo lilikuwa la mfalme Kay Kavus, anayesimuliwa katika hekaya za kale za Uajemi na katika Shahnameh, utenzi wa Firdausi uliokamilika mnamo mwaka 1010, miaka michache tu baada ya mnara kujengwa. Mji unaouzunguka mnara siku hizi unaitwa Gonbad-e Kavus, yaani umepata jina lake kutokana na jengo hilo.

Mahali

Mnara uko juu ya kilima kidogo kilichotengenezwa na watu, katikati ya bustani ndani ya mji wa Gonbad-e Kavus. Eneo hilo ni uwanda ulio mashariki mwa Bahari ya Kaspi, karibu na mto Gorgan. Upande wa kusini kuna milima ya Alborz yenye misitu. Upande wa kaskazini nchi inakuwa kavu zaidi na kuendelea hadi mbuga za Turkmenistan. Kwa kuwa nchi ni tambarare, mnara huonekana kutoka mbali sana, na kwa karne nyingi uliwaelekeza wasafiri.

Uwanda huo ulikuwa mpaka kati ya wakulima wa Uajemi na wafugaji wahamaji wa Asia ya Kati. Kabla ya kuja kwa Uislamu, wafalme Wasasani walijenga hapo Ukuta Mkuu wa Gorgan, wenye urefu wa takriban kilomita 200, ili kuzuia mashambulizi kutoka kaskazini. Ukuta huo pia ulijengwa kwa matofali ya kuchoma. Ufundi wa tofali ulikuwa basi na mizizi ya kale katika nchi hii, ambapo udongo mzuri unapatikana kwa wingi.

Msomaji asichanganye Jorjan ya kale na mji wa Gorgan wa leo. Gorgan na Jorjan ni jina lilelile, la kwanza kwa Kifarsi na la pili kwa Kiarabu. Lakini mji unaoitwa Gorgan siku hizi, makao makuu ya mkoa wa Golestan, ulijulikana zamani kama Astarabad na ulipewa jina la Gorgan katika miaka ya 1930. Magofu ya Jorjan ya kale yako karibu na Gonbad-e Kavus, mbali kidogo upande wa kaskazini-mashariki wa Gorgan ya leo.

Nasaba ya Waziyari

Katika karne ya 10 makhalifa Waabbasi wa Baghdad walikuwa wamepoteza nguvu juu ya sehemu kubwa ya Uajemi. Nasaba mbalimbali za wenyeji zilijitokeza na kugombea nchi. Katika mashariki walitawala Wasamani wenye makao Bukhara. Katika magharibi walipanda Wabuwayhi, ambao mwaka 945 waliingia hata Baghdad yenyewe.

Waziyari walitoka milima ya kusini mwa Bahari ya Kaspi. Mwanzilishi wao Mardavij alijipatia utawala kunako mwaka 931, lakini aliuawa na askari wake watumwa mwaka 935. Mdogo wake Wushmgir alishika nafasi yake. Baada ya hapo nasaba ilibaki na eneo dogo, hasa Gorgan na Tabaristan, ikibanwa kati ya Wasamani na Wabuwayhi. Wushmgir alifariki mwaka 967 aliposhambuliwa na nguruwe-mwitu mawindoni. Mwana wake Bisutun alimfuata, kisha mwana mwingine, Qabus.

Maisha ya Qabus

Utawala wa kwanza na uhamisho

Qabus alianza kutawala mnamo mwaka 977. Khalifa alimpa lakabu ya Shams al-Ma'ali, yaani "Jua la Mambo Matukufu". Lakabu hiyo imeandikwa kwenye mnara wake.

Utawala wake wa kwanza ulikuwa mfupi. Mkuu mmoja wa Wabuwayhi, Fakhr al-Dawla, aligombana na kaka yake mwenye nguvu, Adud al-Dawla, akakimbilia kwa Qabus. Qabus alikataa kumtoa mgeni wake. Mwaka 981 jeshi la Adud al-Dawla lilimshinda, na wote wawili walilazimika kukimbilia nchi ya Wasamani. Qabus alikaa uhamishoni Nishapur kwa muda wa miaka 17 hivi.

Fakhr al-Dawla alirudi katika utawala mwaka 984, lakini hakumrudishia nchi yake mtu aliyeipoteza kwa kumpa hifadhi. Qabus alisubiri hadi Fakhr al-Dawla alipokufa mwaka 997, ndipo akafaulu kurudi Gorgan.

Mlezi wa wataalamu

Qabus alisifiwa kwa elimu yake. Aliandika barua kwa nathari ya Kiarabu yenye vina, alitunga mashairi, na alijulikana kwa mwandiko wake mzuri. Wataalamu walivutwa na baraza lake.

Maarufu kati yao alikuwa al-Biruni, mwanahisabati na mwanafalaki aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Mnamo mwaka 1000 alimtolea Qabus kitabu chake kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa ya kale, ambamo alilinganisha namna Waarabu, Waajemi, Wayahudi, Wakristo na wengine walivyohesabu miaka. Mwaka 1003 alitazama kupatwa kwa mwezi mara mbili akiwa Jorjan.

Tabibu na mwanafalsafa Ibn Sina naye alisafiri kutoka Khwarazm akikusudia kwenda kwa Qabus. Katika maelezo ya maisha yake anaeleza kwamba kabla hajamfikia, Qabus alikuwa amekamatwa na kufungwa, kisha akafa. Hata hivyo Ibn Sina alikaa Jorjan kwa muda, na huko alikutana na al-Juzjani, mwanafunzi aliyeandamana naye maisha yake yote.

Kifo

Amiri huyu msomi alikuwa pia mkatili. Wanahistoria wa kale wanasema aliwaua watumishi na maafisa wake kwa makosa madogo, hadi hakuna mkubwa wa jeshi aliyejiona salama. Mwaka 1012 makamanda wake waliasi. Walimlazimisha mwana wake Manuchihr kukubali utawala mahali pa baba yake, na Qabus akawekwa kizuizini katika ngome. Waasi waliendelea kumwogopa hata akiwa amefungwa. Wakamnyang'anya nguo za kujikinga na baridi, akafa kwa kuganda.

Mnara wake ulikuwa tayari umesimama miaka mitano au sita. Manuchihr alijisalimisha chini ya Sultani Mahmud wa Ghazni na kumwoa binti yake. Waziyari waliendelea kama watawala wadogo hadi mwisho wa karne ya 11. Mjukuu wa Qabus, Kaykavus ibn Iskandar, aliandika Qabus-nama, kitabu cha mawaidha kwa mwanawe, mnamo mwaka 1082. Kitabu hicho ni kati ya vitabu vya nathari vinavyojulikana zaidi katika Kifarsi.

Maandishi ya mnara

Mnara una mikanda miwili ya maandishi ya Kiarabu kwa mwandiko wa Kikufi. Mmoja uko mita kadhaa juu ya mlango, mwingine uko juu kabisa chini ya paa. Mikanda yote miwili ina maneno yaleyale. Kila mkanda umegawanyika katika vipande kumi, kimoja katika kila nafasi kati ya mbavu za ukuta. Herufi zimetengenezwa kwa matofali yaleyale ya mnara, zikichomoza kutoka ukutani. Ni nyofu na pana, hazina maua wala mapambo, na mtu aliye chini anaweza kuziona vizuri.

Baada ya bismillahi, maandishi yanatangaza kwamba hili ni kasri refu la Amiri Shams al-Ma'ali, amiri mwana wa amiri, Qabus ibn Wushmgir. Kwamba aliamuru lijengwe wakati wa uhai wake. Na kwamba ilikuwa mwaka 397 wa mwezi na mwaka 375 wa jua.

Maneno hayo machache yana mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza, yametungwa kwa nathari yenye vina, mtindo ambao Qabus mwenyewe aliusifika. Neno ali (refu, tukufu) linafuatwa na Ma'ali. Amir linafuatwa na Wushmgir. Na mwishoni qamariyya (ya mwezi) inaitikiwa na shamsiyya (ya jua). Msemaji wa Kiswahili atatambua baadhi ya maneno hayo, kwa sababu kasri, amiri na hayati yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu hichohicho.

Pili, jengo linaitwa kasri, si kaburi. Neno la kaburi au la mauti halimo. Pia hakuna aya ya Kurani zaidi ya bismillahi, na hakuna dua kwa ajili ya marehemu. Maandishi yanasema tu ni nani aliyeamuru na lini.

Tatu, tarehe imetolewa kwa kalenda mbili. Mwaka wa mwezi ni ule wa Hijra. Mwaka wa jua ni wa kalenda ya Yazdgerd, iliyohesabiwa tangu Yazdgerd III, mfalme wa mwisho wa Wasasani, aliposhika utawala mwaka 632. Miaka hiyo miwili inakutana katika miezi ya mwisho ya 1006 na mwanzo wa 1007. Wakati ule kalenda ya Kiajemi ilikuwa bado hai katika nchi za Kaspi, ambako Uislamu ulienea polepole kuliko sehemu nyingine za Uajemi. Baraza la Qabus nalo lilikuwa na ujuzi wa mambo hayo, maana kitabu cha al-Biruni kuhusu kalenda kilikuwa kimetolewa kwa amiri huyohuyo miaka michache nyuma.

Nne, fundi hakutajwa. Katika minara kadhaa ya baadaye jina la mjenzi limeandikwa ukutani, lakini hapa limeandikwa jina la amiri peke yake.

Usanifu

Umbo

Mnara una sehemu kuu mbili: mwili wa mcheduara (silinda) na paa la pia (koni). Mwili una kipenyo cha nje cha mita 17 chini, na hupungua hadi mita 15.5 chini ya paa. Kupungua huko ni kidogo, lakini kunaongeza uthabiti na kufanya mnara uonekane unapanda zaidi. Kimo cha jengo lote ni zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake.

Kutoka kwenye mwili huchomoza mbavu kumi zenye ncha ya pembe mraba. Zinapanda moja kwa moja kutoka chini hadi ukingo wa paa bila kukatizwa, isipokuwa na mstari wa juu ambako zinakutana na paa. Jengo likichorwa kutoka juu, linaonekana kama nyota yenye ncha kumi kuzunguka duara.

Mbavu hizo zina kazi mbili. Zinaimarisha ukuta dhidi ya uzito wake na dhidi ya mitetemeko ya ardhi, ambayo si migeni katika sehemu hiyo ya Iran. Pia zinagawa mwanga: upande mmoja wa kila ubavu unapokea jua na upande wa pili una kivuli, na mistari hiyo ya mwanga na giza husogea polepole kuzunguka mnara tangu asubuhi hadi jioni. Kwa njia hiyo ukuta usio na mapambo hauonekani mtupu.

Kugawa duara katika sehemu kumi sawa, kisha kudumisha ulinganifu huo huku ukuta ukipungua hadi chini ya paa, kulihitaji hesabu sahihi. Ndiyo maana UNESCO inautaja mnara kuwa ushahidi wa maendeleo ya hisabati na sayansi katika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000.

Matofali

Jengo lote ni la matofali ya kuchoma yasiyopakwa rangi ya kung'aa. Rangi yake ni kahawia hafifu, na jua linapokuwa chini hugeuka karibu ya dhahabu. Matofali yamepangwa kwa safu sawasawa, bila michoro ya kusuka matofali iliyopendwa na mafundi wa vizazi vilivyofuata.

Tofali la kuchoma ni ghali kuliko tofali la udongo lililokaushwa juani, kwa sababu tanuri linahitaji kuni nyingi. Nyumba nyingi za Uajemi zilijengwa kwa udongo mkavu, nao huyeyuka kwa mvua baada ya miaka ikiachwa bila matengenezo. Uchaguzi wa tofali la kuchoma ni sababu mojawapo ya mnara kudumu katika nchi yenye mvua na unyevu wa Bahari ya Kaspi.

Paa

Paa la pia nalo ni la matofali, na linachukua karibu theluthi moja ya kimo chote. Kwa kweli kuna mapaa mawili, moja ndani ya lingine. Ndani kuna kuba linalofunika chumba. Nje kuna pia linaloonekana na watu. Mpango huu wa tabaka mbili uliwezesha kila sehemu kuwa na umbo lake: kuba la mviringo lilifaa kufunika nafasi ya ndani, na pia kali lilifaa kumwaga mvua na kuonekana kwa mbali. Katika karne zilizofuata wajenzi wa Uajemi na Asia ya Kati walitumia tabaka mbili katika majengo mengi makubwa.

Upande wa mashariki wa paa kuna tundu moja dogo. Hilo ndilo dirisha pekee la mnara.

Mlango na ndani

Kuna mlango mmoja tu. Juu yake, ndani ya tao, kuna vijikuba vidogo vilivyopangwa kwa ngazi. Mapambo ya namna hiyo huitwa mukarnas. Baadaye yalienea kutoka Asia ya Kati hadi Hispania na kuwa alama ya usanifu wa Kiislamu. Mfano ulio hapa ni mwepesi, lakini ni kati ya mifano ya mapema iliyobaki Iran.

Ndani, mnara ni mtupu kutoka chini hadi kuba. Hakuna ngazi, ghorofa wala mapambo. Mgeni anayeingia hukuta chumba kirefu chenye giza kiasi, ambapo sauti hurudi kwa nguvu kutoka juu.

Kaburi bila mwili

Mapokeo ya kihistoria yanautaja mnara kuwa mahali pa kuzikwa kwa Qabus. Hata hivyo hakuna jeneza, jiwe la kaburi wala chumba cha chini kinachoonyesha alipolazwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Warusi walichimba chini ya sakafu, wakakuta msingi wa matofali unaoshuka chini sana, lakini si kaburi.

Simulizi ya zamani inatoa jibu lingine. Inasema kwamba mwili wa Qabus uliwekwa katika jeneza la kioo, nalo likaning'inizwa kwa minyororo kutoka kuba, ili miali ya jua la asubuhi iupate kupitia tundu la mashariki. Hakuna mabaki yanayothibitisha habari hiyo. Lakini inaonyesha jinsi watu walivyojaribu kueleza mambo mawili wanayoyaona: tundu moja linalotazama mapambazuko, na kaburi lisilo na kitu sakafuni. Lakabu ya amiri aliyeitwa Jua inaweza kuwa imechangia pia.

Katika mafundisho ya Kiislamu maziko ya kawaida ni ya ardhini na bila fahari. Hata hivyo kuanzia karne ya 10 watawala wa Uajemi na Asia ya Kati walianza kujijengea makaburi makubwa. Kaburi la Wasamani huko Bukhara, lenye umbo la mchemraba na kuba, ni mfano maarufu wa mwanzo. Qabus, aliyewahi kuishi uhamishoni katika nchi ya Wasamani, alifuata desturi hiyo kwa umbo tofauti: badala ya mchemraba, mnara.

Kutoweka kwa Jorjan

Wakati wa Waziyari, Jorjan ulikuwa mji wenye bustani, viwanda vya hariri na biashara kati ya Uajemi, Bahari ya Kaspi na Asia ya Kati. Mto uliugawa katika sehemu mbili zilizounganishwa kwa daraja.

Katika karne ya 13 majeshi ya Wamongolia yaliharibu miji mingi ya kaskazini-mashariki mwa Uajemi, na Jorjan ulikuwa mmojawapo. Vita vya karne zilizofuata vilimaliza kilichobaki. Watu walihama, kuta zikaanguka, na matofali yakafunikwa na udongo. Kwa muda mrefu mnara ulisimama karibu peke yake katika nchi ya malisho ya Waturkmeni, ambao hadi leo ni sehemu kubwa ya wakazi wa eneo hilo. Mji wa sasa ulikua kuuzunguka katika karne ya 20.

Wanaakiolojia wamechimba magofu ya Jorjan katika karne hiyohiyo na kupata mabaki ya barabara, nyumba, tanuri na vyombo vingi vya kauri na kioo.

Nafasi katika historia ya usanifu

Gonbad-e Qabus ni wa kale zaidi kati ya minara ya makaburi ya Iran yenye tarehe iliyoandikwa. Katika miongo na karne zilizofuata minara mingine ilijengwa Iran:

- Mil-e Radkan (1016–1021), katika milima ya kusini-magharibi, ina maandishi ya Kiarabu pamoja na Kipahlavi, lugha ya Uajemi kabla ya Uislamu.
- Mnara wa Lajim (1022), katika misitu ya Mazandaran, nao una maandishi ya lugha hizo mbili.
- Pir-e Alamdar (1026) na Chehel Dokhtaran (1054) huko Damghan ina matofali yaliyopangwa kwa michoro.
- Minara miwili ya Kharraqan (1067 na 1093), iliyojengwa wakati wa Waseljuki, imefunikwa kwa michoro ya matofali ya kila namna. Iliharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi mwaka 2002.
- Mnara wa Tughril huko Rayy (karne ya 12), kusini mwa Tehran, una mbavu nyingi zinazokumbusha zile za Qabus.

Waseljuki walipeleka desturi ya mnara wenye paa la pia hadi Anatolia, ambako makaburi mengi ya mawe yenye umbo hilo yamebaki katika Uturuki ya leo. Minara ya baadaye ina mapambo mengi zaidi, lakini hakuna uliozidi wa Qabus kwa kimo kati ya minara ya makaburi ya matofali ya Iran.

Wataalamu wanajadiliana kuhusu asili ya umbo lake. Wengine wanalihusisha na mahema ya wahamaji wa Asia ya Kati, ambao viongozi wao waliwekwa hemani kabla ya kuzikwa. Wengine wanatazama minara ya Uajemi wa kale. Mahali pa jengo, kwenye mpaka wa wakulima na wahamaji, panaruhusu maelezo yote mawili, na UNESCO imeutambua mnara kuwa ushahidi wa mabadilishano ya utamaduni kati ya pande hizo.

Katika Ulaya mnara ulipata sifa hasa kupitia mwandishi Mwingereza Robert Byron. Picha yake ilikuwa moja ya sababu zilizomvuta kusafiri hadi Uajemi. Aliufikia mwaka 1934, na katika kitabu chake The Road to Oxiana (1937) aliuhesabu kati ya majengo makuu ya dunia.

Uhifadhi

Mnara umefanyiwa matengenezo mara kadhaa katika karne ya 20, hasa kwenye paa, sehemu za chini za ukuta na mbavu zilizopoteza matofali. Sehemu kubwa ya jengo na maandishi yake ni ya asili.

Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliyokutana Saint Petersburg, Urusi, iliukubali mnara katika orodha yake kwa vigezo vinne: kazi bora ya akili ya binadamu (i), mabadilishano ya tamaduni (ii), ushahidi wa ustaarabu uliotoweka (iii) na mfano bora wa aina ya jengo (iv).

Mnara sasa umezungukwa na mji, na jengo hili lilikusudiwa kuonekana kutoka mbali. Majengo marefu karibu nalo yangeondoa sifa hiyo hata kama hakuna tofali lililoguswa. Kwa hiyo ulinzi wake unahusu pia kimo cha nyumba zinazojengwa katika eneo linaloizunguka bustani, pamoja na magofu ya Jorjan ambayo bado yako chini ya ardhi.